Jumapili za Kujifunza Kusikiliza

Dubai Investments Park
Jumapili, 7 Julai 2024

Shangazi Sikujua,

Shikamoo. Umenitaka niandike barua kwa sababu kwenye simu kila ukiniuliza najibu "salama" na mazungumzo yanaishia hapo. Haya, naandika. Nimekaa juu ya kitanda changu, karatasi nimeilaza kwenye sinia, na wenzangu watano wamelala kwa sababu leo ndiyo siku pekee ya kulala. Joto la nje halisimuliki. Humu ndani kiyoyozi kinanguruma kama mashine ya kukoboa, lakini angalau kinapoza.

Nisalimie Baba. Mwambie dawa yake ya magoti nimempa Anna, yule jirani yetu anayefanya kazi hotelini huku Al Muraqqabat. Anakuja likizo mwisho wa mwezi. Nimesikia alizeti za mwaka huu zimetoa vizuri, nikafurahi.

Kazi ipo. Bado ni mkaguzi pale ghalani, naangalia vigae vinavyoingia na vinavyotoka. Siraje, yule Mganda wa Masaka niliyekutumia picha yake siku ya Idi, amerudi kwao mwezi wa tano. Kitanda chake amepewa Mnepali.

Jambo lenyewe ni hili. Kuanzia Septemba nataka kusoma. Kuna kituo cha lugha Al Muraqqabat, kila Jumapili wanafundisha Kiingereza cha chuoni, yaani kusikiliza mihadhara na kuzungumza darasani. Nikimaliza nitaomba stashahada ya usalama kazini. Lakini chuo hakimpokei mtu bila usaili: wanakusikilizisha mhadhara, kisha unaueleza kwa mdomo mbele yao na kujibu maswali. Kusoma na kuandika sina shida, wewe ndiye uliyenifundisha. Shida yangu ni masikio na mdomo. Unaonaje?

Mwanao,
Nassir


Kondoa
1 Agosti 2024

Nassir mwanangu,

Marahaba. Barua yako karani ameniletea hadi darasani, mbele ya kidato cha tatu, na wote wakataka kujua ni nani duniani bado anaandika barua. Nikawaambia ni mtu anayejua kuandika.

Baba yako ni mzima kuanzia kiunoni kwenda juu, hivyo ndivyo anavyosema mwenyewe. Anna amefika juzi na dawa. Dada yako amejifungua mtoto wa kike, na mpaka leo wanabishana jina. Mimi nimebakiza mwaka mmoja na nusu nistaafu, na magoti yangu nayo yameanza kumuiga kaka yangu.

Kusoma, soma. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Ushauri wangu wa mwalimu ni mmoja tu: usiogope kukosea. Fungua mdomo useme. Wanaocheka watachoka.

Nina swali. Siraje amerudi kwao kwa nini? Siku ya Idi uliniambia mkataba wake umebakiza zaidi ya mwaka. Na kwenye ile picha mmeshikana mabega kama mliozaliwa tumbo moja. Sasa umemmaliza kwa mstari mmoja.

Shangazi yako


Dubai Investments Park
Jumapili, 22 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo, na hongera kwa kupata mjukuu. Nimeambiwa jina limepatikana na kwamba Baba hakulipenda. Atalizoea.

Leo nimehudhuria darasa la tatu. Natoka hapa kwa metro, safari ni zaidi ya saa moja, nateremka Al Rigga na kutembea kidogo. Darasa liko juu ya duka la mapazia. Tuko kumi na mmoja. Mwalimu wetu ni Msudani aliyekulia hapahapa, anaitwa Alya, na anataka tumwite hivyo hivyo Alya, lakini mimi nashindwa, namwita madam. Ana sauti ndogo, kwa hiyo darasa linanyamaza lenyewe ili limsikie. Pembeni yangu anakaa Fortunate, Mganda, mlinzi wa jengo moja la Al Nahda. Anakuja moja kwa moja kutoka zamu, hajalala, macho mekundu, na bado ananishinda.

Siku ya kwanza tulisikilizishwa mhadhara wa dakika kumi kuhusu maji ya bahari yanavyoondolewa chumvi ili yanyweke. Hakuna maandishi, hakuna picha, sauti tu. Nilikuwa na kalamu na daftari jipya. Mwisho wake nilikuwa nimeandika maneno matatu: maji, chumvi, bomba. Kuna neno moja lilinipita dakika ya pili. Nikabaki nalifukuza, na nilipoinua kichwa mzungumzaji alikuwa ameshafika mbali.

Alya alisema huo ndio ugonjwa wa sisi tuliofundishwa lugha kwa kitabu. Tunataka kudaka kila neno, kama mtu anayeokota punje moja moja mtama ukimwagika. Akasema tusikilize mzungumzaji anaelekea wapi. Kuna maneno yanayokuonyesha kwamba sasa anakata kona, sasa anatoa mfano, sasa anafunga. Ukiyajua hayo, neno moja likikupita hupotei. Hilo nimeanza kuliweza kidogo.

Kusema ndiko siwezi. Kila mmoja alipewa dakika moja aeleze kwa nini amekuja. Zamu yangu ilipofika nilisimama, maneno ninayo, yamejipanga kichwani kama yameandikwa, lakini koo likafunga. Fortunate akaninong'oneza, "Sema hata jina lako." Sikulisema. Alya akaniambia nikae, nitajaribu wiki ijayo. Wiki iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na leo pia.

Nimechoka, Shangazi. Kesho gari la kazini linatuchukua saa kumi na moja alfajiri.

Nassir


Kondoa
20 Oktoba 2024

Nassir,

Huku vumbi tupu, mvua hata harufu yake hatujaisikia. Baba yako amekubali fimbo baada ya kugoma miezi miwili, na sasa anaitumia zaidi kufukuza kuku wa jirani.

Umenijibu yote ila moja. Mtoto akijibu swali la kwanza na la tatu, mimi huwa sitazami alichoandika. Natazama lile la pili. Sikulazimishi, lakini usidhani sikuona.

Kuhusu koo kufunga, nilikuandikia hapa ukurasa mzima, kisha nikauchana. Endelea kwenda darasani.

Shangazi yako


Dubai Investments Park
Jumapili, 17 Novemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Hali ya hewa imeanza kuwa ya binadamu, jioni tunakaa nje. Nimetuma nguo za mtoto kwa mtu wa Dodoma, zitafika.

Nitakujibu la Siraje.

Yeye alikuwa anaendesha foklifti, ile gari ya kunyanyulia mizigo. Pale ghalani kanuni ni safu tatu za vigae, zisizidi. Siku hiyo ya mwezi wa tano makontena yaliingia mengi na nafasi ilikwisha. Msimamizi wetu, Yaarub, akamwambia Siraje apandishe safu ya nne. Siraje akakataa, akamwonyesha kibandiko cha kanuni ukutani. Yaarub akamwambia, "Khalas, weka. Yalla," yaani basi, weka upesi. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka hapo na fomu zangu mkononi. Nilisikia kila neno. Siraje akaweka. Baada ya saa moja safu yote ikalala chini. Hakuumia mtu, alhamdulillahi, ila mzigo wote ukawa vipande.

Yaarub akasema hakutoa amri yoyote, dereva alijiamulia mwenyewe. Siraje akasema, muulizeni Nassir, alikuwepo.

Nikaitwa ghorofa ya pili. Anayehusika na mambo ya wafanyakazi anaitwa Bwana Humam. Walikuwa wanne mezani, Yaarub akiwa mmoja wao. Bwana Humam anaongea Kiingereza upesi sana, sentensi moja inazaa nyingine. Aliniuliza swali refu. Nilidaka "msimamizi", nikadaka "amri", nikadaka "kusikia". Nikadhani ananiuliza kama nilisikia msimamizi akitoa amri. Nikasema, "Yes, sir."

Kumbe aliniuliza kama ni kweli kwamba hakuna mtu aliyesikia msimamizi akitoa amri.

Waliandika, nikatia sahihi. Siraje akapandishwa ndege baada ya siku nane. Alipokuwa anafunga begi hakuniuliza kitu. Alinipa mkono na kuniachia jiko lake la umeme.

Sasa unajua kwa nini ninakwenda darasani. Stashahada naitaka kweli, sikukudanganya. Lakini nilianza kuitaka baada ya hapo.

Nassir


Kondoa
8 Desemba 2024

Nassir mwanangu,

Nyumbani wote hawajambo.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Kutosikia vizuri si dhambi, hata mimi niwekwe mbele ya mtu kama huyo nitapotea. Lakini kuna kitu kimoja. Umesema waliandika, ukatia sahihi. Kusoma nilikufundisha mimi, na wewe hujawahi kusoma karatasi ya Kiingereza usiielewe tangu kidato cha tatu.

Kabla ya kutia sahihi, uliisoma?

Sikujua


Dubai Investments Park
Jumapili, 12 Januari 2025

Shangazi,

Niliisoma.

Ilikuwa mistari sita. Wa nne ulisema shahidi anathibitisha kwamba hakusikia amri yoyote. Niliuona na nikauelewa. Kalamu nilikuwa nayo mkononi, na Bwana Humam alikuwa anaangalia saa. Nilichotakiwa kusema ni kwamba hapo pamekosewa. Neno moja tu kwa Kiingereza. Walikuwa watu wanne wananitazama, na koo likafunga kama nilivyokueleza. Nikaona kutia sahihi ni rahisi kuliko kufungua mdomo. Nikajiambia nitarudi kesho kurekebisha. Kesho nikajiambia kesho.

Hilo sijamwambia mtu mwingine yeyote. Hata hao wenzangu wa chumbani wanaamini sikuelewa swali, na mimi nimewaacha waamini hivyo.

Tangu lini koo linafunga, wewe unajua. Sitaki kuandika zaidi ya hapo.

Nassir


Kondoa
6 Aprili 2025

Nassir,

Idi njema, ingawa imepita. Tumeswali, tumekula, baba yako ametembea hadi uwanjani bila kushikwa. Mtoto wa dada yako anatambaa na anakula mchanga.

Umengoja miezi mitatu. Sikuugua wala barua haikupotea. Kila nilipokaa kuandika niliishia kwenye salamu.

Ulikuwa kidato cha pili. Siku ya mdahalo ulisimama kuisemea timu yako. Kabla ya hapo hakukuwa na mtoto muongeaji kama wewe shuleni, hata mpishi alikuwa anakujua kwa sauti. Ukaanza vizuri, katikati ukakwama, neno likakupotea, ukamalizia kwa Kiswahili ili hoja isife. Na hoja yako ilikuwa nzuri. Mimi ndiye nilikuwa mwalimu wa mdahalo. Nikakuvisha kibao shingoni, kile kilichoandikwa kwa Kiingereza kwamba wewe ni mjinga kwa sababu umesema Kiswahili. Watoto wengine walikuwa wanakivaa siku moja. Wewe nilikuvisha wiki nzima, paredi asubuhi, foleni ya chakula, hata njia ya kurudi nyumbani, ili walimu wenzangu wasiseme nampendelea mtoto wa kaka yangu. Siku ya tatu ulinikuta barabarani ukaniomba kwa macho tu. Nikapita.

Baba yako aliniuliza mwezi ule, "Sikujua, huyu mtoto mbona hasemi?" Nikamjibu kwamba anakua.

Halafu juzi hapa nakuandikia "usiogope kukosea, fungua mdomo". Uliposoma maneno yale ulinionaje?

Nisamehe. Sikuombi unijibu kwa hilo.

Vibao bado vipo. Vitatu, vinaning'inia nyuma ya mlango wa ofisi ya walimu. Mwezi wa pili niliomba nafasi kwenye kikao, nikasema viondolewe, nikaeleza na sababu, bila kukutaja. Mwalimu mmoja kijana akasema bila kibao hakuna mtoto atakayejifunza Kiingereza, na wengi wakaunga mkono. Walikuwa wanarudia maneno yangu mwenyewe ya miaka ile. Nimeshindwa. Kwenye vipindi vyangu havitumiki, na huo ndio uwezo wangu mpaka nitakapostaafu.

Lakini mwanangu, hayo hayafuti ile sahihi. Kibao ni changu. Sahihi ni yako, na Siraje bado yuko Masaka na jina lililochafuka.

Shangazi yako


Dubai Investments Park
Jumapili, 11 Mei 2025

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imenikuta nimeshakwenda kwa Bwana Humam.

Nieleze kwa mpangilio. Katikati ya Februari kila mwanafunzi alitakiwa kuzungumza dakika tano mbele ya darasa, kisha aulizwe maswali. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshaanza kusema sentensi mbili tatu, kwa sababu Alya alitupanga wawili wawili na mimi nilikuwa na Fortunate, na Fortunate hakuwa na nguvu za kucheka mtu. Nilichagua kueleza namna ya kupanga mizigo mizito ghalani. Dakika ya kwanza nilisoma kwenye karatasi tu bila kuinua macho. Kisha nikamaliza. Kijana mmoja akaniuliza swali, sikulielewa, nikafanya kama tulivyofundishwa: nikamrudishia swali lake kwa maneno yangu, nikamuuliza kama ndivyo alivyokusudia. Akasema hapana, akalisema upya. Nikajibu. Hicho tu. Lakini nilipokuwa kwenye metro narudi nilijua nimebaki bila kisingizio.

Niliomba kuonana na Bwana Humam, nikaitwa tarehe 25. Nilikwenda na daftari. Anaongea vilevile, upesi. Aliponiuliza swali refu nikamwambia, samahani sir, una maana kwamba nimekuja kubadilisha maelezo, au nimekuja kulalamika? Akaweka kalamu chini. Nadhani si wengi wanaomwomba arudie. Akauliza tena, polepole. Nikamweleza amri, kibandiko ukutani, na Yaarub alivyosema. Kisha akauliza lile ulilouliza wewe.

"Ulisoma karatasi kabla ya kutia sahihi?"

"Nilisoma, sir."

"Na ilikuwa na makosa?"

"Ilikuwa na makosa, na nikatia sahihi."

Aliandika kwa muda mrefu. Safari hii aliponipa karatasi nilisoma kila mstari, nikamwonyesha sehemu mbili, akazirekebisha.

Wiki tisa sikuambiwa kitu. Ndiyo maana sikuandika. Mwisho wa Aprili zikatoka barua mbili. Yangu ni ya onyo, kwa kutia sahihi maelezo ya uongo, na nimetolewa kwenye ukaguzi. Sasa napakia mizigo ghala jingine, jua linanipiga mgongo mzima. Ya Siraje inasema kosa halikuwa lake na limefutwa kwenye kumbukumbu zake, anaweza kuomba kazi popote. Kumrudisha hawakusema. Yaarub alishahamia kampuni nyingine tangu Januari, hakuna aliyemtafuta.

Nikampigia Siraje. Nilikuwa sijampigia tangu aondoke.

"Ni Nassir," nikasema.

"Namba yako naijua."

Nikamweleza yote, pamoja na ile mistari sita. Hakunikatiza. Nilipomaliza nikasikia tu lori linapita upande wake.

"Siku ile mimi nilikuwa kwa benchi, hapo nje," akasema. "Mlango haukufungwa. Nilikusikia ukisema yes. Nikangoja uongeze kitu."

"Sikuongeza."

"Hapana. Hukuongeza."

Akaniambia barua niitume, itamsaidia, kuna watu wa Kampala wanataka dereva na walikuwa wanamuuliza mambo ya Dubai. Nikamuuliza kama naweza kupiga tena. Akafikiri. Akasema nipige Ijumaa baada ya swala.

Nimepiga juzi Ijumaa. Alizungumza nusu saa nzima, habari za barabara, habari za mvua, mtoto wake aliyemkuta anamwogopa na sasa analala kifuani kwake. La ghalani hakuligusa, nami sikuligusa. Hatujawa kama zamani. Mwishoni akasema Ijumaa nyingine nisichelewe, ana safari.

Usaili wa chuo ni Alhamisi. Wakinikataa nitaomba tena muhula ujao. Alya ameandika barua ya kunitambulisha.

Sasa lako. Ile barua naijua kwa moyo. Nilipofika kwenye barabara ile, ulipopita, nilishuka kitandani nikatoka nje, nikakaa ukutani mpaka Mnepali akaja kuniuliza kama nimefiwa. Nilikuwa nadhani umesahau. Miaka yote nilidhani kwako ilikuwa siku kama siku nyingine.

Likizo yangu ni Desemba. Usiniandikie tena juu ya jambo hili, na mimi sitaandika. Nataka kulisema kwa mdomo wangu, wewe ukiwa umekaa mbele yangu, na nitakapokwama unisubiri.

Nassir